Vichupa Viwili Kando ya Mtungi

Wanangu wanne walikuwa na majina kabla sijabeba mimba hata moja. Niliwapanga kichwani nikitwanga mpunga: wa kike mbele, wa kiume wawili wakifuatana kama vidole, halafu kitindamimba, ambaye nilimwachia aje na sura yoyote aitakayo. Mume wangu akinikuta natabasamu kinuni ananiuliza, "Wewe, unacheka na nani?" Namjibu, "Na wanao." Mwaka wa kwanza wa ndoa tulikuwa tukicheka pamoja. Mwaka wa tatu alikuwa akisema "Haya," na kutoka nje.

Nimezaliwa Milola, nikasoma hapo hadi darasa la saba, nikaolewa Kitomanga kwenye nyumba ya mama wa mume wangu. Zilikuwa siku za ruksa, biashara zimefunguliwa. Maduka ambayo zamani yaliuza viberiti na vumbi yalijaa sabuni za rangi na redio kaseti, na kila kijana mwenye miguu alikuwa mfanyabiashara. Mume wangu aliacha ukarani kwenye ghala la korosho akaingia kwenye mitumba. Anakwenda Dar kuchukua robota, siku kadhaa njiani kutegemea mvua na pantoni ya Rufiji, kisha anazunguka nalo minadani. Robota likifunguliwa uani, mimi ndiye mpangaji: mashati huku, sketi huku. Nguo za watoto wachanga nilizipanga mwisho, polepole.

Wifi yangu aliliona hilo. Alikuwa dada mkubwa wa mume wangu, mama wa watoto watano, na mdomo wake haukuwa na komeo.

"Wifi yangu raha mustarehe," alisema siku moja, majirani wakisikia. "Kanga zake zinafifia kwa jua tu. Mkojo wa mtoto zinausikia redioni."

Wakacheka, na mimi nikacheka. Ndivyo nilivyo. Nikichomwa nacheka kwanza, uchungu wenyewe naupata baadaye, nikiwa jikoni na moshi wa kusingizia.

Mama mkwe hakuwa mtu wa maneno hayo. Alikuwa mfupi, mtu wa sala na shamba la ufuta, na tangu nilipoingia kwake aliniita mwanangu. Lakini mume wangu alikuwa mwanawe wa kiume pekee, na kila Idi baba mkubwa, kaka wa baba yake, alikuwa akija kutoka Kinjumbi, anakula, ananawa, anauliza, "Bado?" Mama mkwe anajibu, "Bado." Idi ya mwaka ule mzee aliongeza neno. "Basi Idi ijayo nikikuta bado, tumtafutie wa pili." Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayezungumzia paa linalovuja: msimu ujao tutaezeka. Mimi nilikuwa nimeshika sinia mkononi.

Mwilini kulikuwa na mambo ambayo sikuyaita ugonjwa. Hedhi yangu, iliyokuwa ikinijia sawasawa tangu nilipotoka unyagoni, ilipungua hadi ikawa alama tu kwenye kitambaa. Chini ya kitovu kulikuwa na maumivu yasiyo makali, mazito, kama mtu ameegemea hapo na hataki kuondoka. Jioni napata joto la homa, asubuhi limekwisha. Sikukohoa hata siku moja.

Tulianza kama watu wote wanavyoanza. Nilikunywa kombe, maji ya aya za Kurani, nikafukizwa, nikanywa mizizi ya chango michungu hadi nikaota nalamba asali. Zahanati walinipa dawa za malaria, halafu za magonjwa ya zinaa, na mume wangu naye akapewa zake. Tulizimeza tukiwa tumenuniana wiki nzima, maana kila mmoja alijijua kwamba yeye hakwenda popote.

Ndipo tukaenda hospitali ya mjini Lindi. Palikuwa na daktari mwanamke, mgeni kutoka bara, kijana, mwenye kuongea harakaharaka na kusahau kusubiri uitikie salamu. Alimpima kwanza mume wangu, kitu ambacho hakuna mganga aliyewahi kukifikiria. Akaonekana mzima. Alitoka kwenye kile chumba kifua mbele, utasema ameshinda kombe la tarafa.

Kisha daktari akanigeukia mimi. Aliuliza juu ya hedhi, homa za jioni, maumivu. Halafu akauliza swali ambalo nililiona limepotea njia.

"Utotoni uliishi na mtu mwenye kikohozi cha muda mrefu?"

Nikamwambia, bibi yangu. Mama alifariki nikiwa mchanga, bibi ndiye aliyenilea. Tulilala kitanda kimoja cha kamba, mgongo wake ndio ulikuwa ukuta wangu. Alikohoa miaka yote, akisema ni baridi ya shambani, na alipofariki alikuwa mwepesi hata mimi mtoto niliweza kumgeuza.

Daktari aliweka kalamu chini. Kwa mara ya kwanza aliongea taratibu. "Kifua kikuu hakikai kifuani tu," alisema. "Vijidudu vinaingia na pumzi, vinatembea na damu, vinaweza kulala miaka mingi. Msichana akishavunja ungo vinaamka kwenye mirija ya uzazi, vinashuka kwenye kizazi. Hakohoi. Hajui kama anaumwa. Anakuja kwangu kwa sababu hazai."

Picha ya kifua changu ilitoka safi. Akasema hilo halimshangazi, na kwamba bado anadhani tu. "Siwezi kukupa dawa za miezi minane kwa kudhani. Lazima nikwangue kidogo ukuta wa ndani wa kizazi, siku chache kabla ya hedhi, ndipo unakuwa umenenepa. Tuupeleke Dar. Wengine watautazama kwenye hadubini, wengine watajaribu kuviotesha hivyo vijidudu, kama mbegu."

Njia nzima ya kurudi nyumbani sikuwaza kizazi. Niliwaza mgongo wa bibi. Hakuwahi hata kunitania vibaya, yule bibi. Angejua anachonipa kila usiku angelala chini, sakafuni, mbali nami.

Siku ya kukwanguliwa, nesi mnene alinishika mkono akaniambia, "Tukana tu, dada. Hapa wametukana wake za masheikh." Sikutukana. Niliita majina ya wanangu, wa kike mbele. Nesi alidhani naita ndugu zangu.

Hospitali haikuwa na gari la kupeleka vipimo Dar siku hizo. Mwenye ndugu msafiri alibeba mwenyewe. Daktari alinikabidhi vichupa viwili vyenye vifuniko, kimoja na maji ya dawa yenye harufu ya kuchoma pua, kingine na maji safi ya chumvi. Ndani ya kila kimoja kulikuwa na vinyama vidogo, vya rangi ya waridi iliyofifia. "Visikae juani. Visifunguliwe. Visichelewe," akasema. Mume wangu alikuwa anasafiri kesho yake, na basi la Dar lilikuwa likipita hapohapo kwetu. Ilikuwa kama imepangwa.

Nyumbani niliviweka kando ya mtungi, kwenye ubaridi, nimevifunga kwenye karatasi ya kaki ndani ya soksi ya mtumba. Mama mkwe akauliza, "Ni nini hicho, mwanangu?"

"Kipande cha kizazi changu, mama," nikasema kwa furaha kabisa, kama mtu anayeonyesha tiketi. "Kinakwenda Dar kutazamwa."

Alikitazama kile kifurushi. "Kinakwenda," alisema. "Na kinarudi?"

"Hakirudi, mama. Yanarudi majibu."

Alfajiri mume wangu alichukua soksi, akaitia mfukoni mwa koti, akaondoka.

Tukangoja. Daktari alikuwa ameshanionya kuwa kuotesha kunachukua wiki nyingi, na mimi kungoja sikuoni kazi, nikipewa kitu cha kuota. Niliota chumba cheupe huko Dar, watu wenye miwani wameinamia vioo, mmoja anamwita mwenzake: njoo uone, huyu mtu atazaa. Usiku homa ilikuwa ikizidi, nikawa natoka jasho la kulowesha mto, lakini nilijiambia ni joto la masika.

Mume wangu alipokwenda tena kuchukua robota alipitia maabara kuuliza. Alirudi uso umemwiva. Hata robota hakulishusha vizuri.

"Vitupu," alisema. "Wanasema vilifika vitupu! Maji tu, nyama hakuna."

"Vitupu vipi?" nikauliza. "Mimi mwenyewe niliona."

"Wamekukwangua bure, wale. Wakatufungia maji kwenye chupa. Kesho nakwenda Lindi, huyo daktari atanieleza mbele ya watu."

Wifi alikuwa barazani anasuka nywele za bintiye. Akasema bila kuinua kichwa, "Au labda humo ndani hamna kizazi chenyewe. Wamekwangua, wamekosa."

Mara hii sikucheka. Mama mkwe alikuwa akipeta ufuta. Ungo ulisimama mikononi mwake.

"Mwache daktari wa watu," alisema. "Nilikizika mimi."

Aliweka ungo chini, akajipangusa, akanishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba, kando ya ua wa bafu. Palikuwa na udongo uliosawazishwa na jiwe dogo jeupe. Pale, aliniambia, ndipo zilipolala kondo za nyuma za watoto wake wote, aliowabakisha na aliowapoteza.

"Kitu kilichotoka kwenye tumbo la mwanamke hakisafirishwi, mwanangu. Mimi nilifundwa hivyo. Kinalala nyumbani. Ukikipeleka mbali, uzazi unakifuata hukohuko. Nikasema, uzazi wa mkwe wangu unakwenda kuishia Dar, na mimi nimekaa natazama? Nikavifungua vile vichupa wakati nachota maji ya udhu. Kimoja kilinuka dawa, nikakiosha kwa maji ya waridi. Nikavifunga pamoja kwenye bafta." Akashusha sauti, "Kondo ina juu na chini. Ukiilaza kichwa chini unamfunga mama. Kile kilikuwa kidogo, sikuweza kujua juu yake ni wapi. Nilikaa nacho mkononi, sijui nikilaze vipi. Nimekuwa nikikiombea dua kila Alhamisi."

Alikuwa amekizika kama mjukuu. Ndicho kitu cha pekee kilichowahi kutoka tumboni mwangu, naye alikiosha, akakivika, akakiombea. Nani mwingine angekifanyia hivyo? Nilitaka kukasirika, na nadhani nilikuwa na haki. Badala yake nilichuchumaa nikalia, na yeye akachuchumaa, tukalia wawili juu ya kile kijiwe, wifi akituchungulia penye ua. Mume wangu alitoka akaenda mnadani bila nguo za kuuza.

Daktari nilimweleza kila kitu, maana sikutaka asemwe. Mama mkwe alisisitiza twende pamoja. Alivaa buibui lake la Idi, akakaa kwenye kiti cha mgonjwa, mimi nikasimama.

"Shikamoo, mama," daktari akasema. Safari hii alisubiri kuitikiwa.

"Marahaba, mwanangu. Mimi ndiye mwizi wako."

Daktari hakumkemea. Alimchorea kizazi kwenye karatasi, na mirija miwili kama pembe za ng'ombe, akamweleza vijidudu vinavyokaa humo na jinsi visivyoonekana kwa macho. Mama mkwe alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza lile lililokuwa likimla: "Na kama nilikilaza kichwa chini, ndicho kimemfunga?"

"Hapana, mama. Aliyemfunga ni ugonjwa, tangu utotoni. Wewe hukumfunga."

"Na nyie mkishamaliza kukitazama, mnakilaza wapi?"

"Sijui," daktari akasema. "Kwa kweli sijawahi kuuliza."

Mama mkwe alikaa akiitazama ile karatasi ya mirija. Nilijua anapima kitu ambacho sisi wengine hatukuweza kukibeba. Mwishowe akasema, "Basi kichukueni kingine. Ila nitakipeleka mimi."

Na kweli alikipeleka. Nilikwanguliwa mara ya pili, na mwanamke ambaye hajawahi kuvuka Rufiji alipanda basi na mwanawe, vichupa amevifumbata kwenye mkunjo wa kanga, hataki hata kushuka kununua chai. Alirudi miguu imevimba. "Nimemkabidhi mtu mkononi," aliniambia. "Nimemwambia, hiki ni cha nyumba yetu, ukitazame kwa adabu. Akaniambia, ndiyo bibi."

Majibu yalikuja: kifua kikuu cha kizazi. Uani neno lilizunguka siku hiyohiyo. "Kifua gani cha tumboni?" watu wakaulizana, na wengine wakanong'ona ugonjwa mwingine, ule ulioogopwa zaidi miaka ile. Wifi akaanza kunitengea kikombe. Mama mkwe alikichukua kile kikombe, akanywea yeye, mbele yake, akakirudisha kabatini pamoja na vingine. Daktari alikuwa ameshamwambia ugonjwa wa aina yangu hauambukizi kwa kikombe wala kwa kukaa pamoja.

Nilianza dawa. Sindano kila asubuhi zahanati kwa miezi miwili, na mama mkwe akinisindikiza huku anapiga uradi wake, halafu vidonge. Vilifanya mkojo uwe mwekundu kama maji ya rosela, hata nikamtania mume wangu kwamba naweza kupaka rangi nyumba. Alicheka. Nilikuwa nimesahau anavyocheka. Idi ilifika nikiwa katikati ya vidonge, na baba mkubwa akaja, akala, akanawa. Kabla hajafungua kinywa mama mkwe akamwambia, "Shemeji, mgonjwa haletewi mke mwenza juu ya kitanda. Mngoje apone." Mzee akakubali. Nimpe haki yake, alikuwa mtu wa kukubali. Basi siku zangu zikafungwa kwenye kupona kwangu: nikipona na mirija iko wazi, nimebaki mwenye nyumba peke yangu, nikipona bila hivyo, mzee atarudi.

Na nilipona. Homa zilikatika, jasho likaisha, hedhi ikarudi na rangi yake. Nilinenepa. Mashavu yalijaa, nikahitaji magauni mengine kutoka kwenye robota. Wale wanne walirudi kichwani, nao wamenenepa.

Vidonge vilipokwisha daktari alinipiga picha nyingine, ya kuingiza dawa kwenye kizazi ili ionekane inapita wapi. Akainua ile picha dirishani. Kizazi kilionekana cheupe, kidogo, kama kipande cha karatasi kilichochanwa. Hapo ilipaswa kutoka mistari miwili. Haikuwepo. Dawa ilikwenda hadi penye kona, huku na huku, ikasimama.

"Ugonjwa umekwisha," alisema. "Makovu yamebaki. Yameziba mirija yote."

Nikamuuliza, ingekuwa vile vichupa vya kwanza vimefika? Aliitazama picha badala ya kunitazama. "Sijui. Mara nyingi inakuwa imeshaziba kabla mwanamke hajaingia mlangoni kwangu. Ukitaka kumwambia mama yako kitu, mwambie hilo. Si uongo."

Nilirudi peke yangu. Niliposhuka kituoni Kitomanga, wanawake wanaouza mihogo ya kuchoma waliniona, na mmoja akapiga kofi.

"Haa! Tazameni mwali wetu alivyonawiri! Mashavu hayo si ya bure, jamani."

"Hebu geuka, geuka tukuone. Hospitali kila mwezi, kumbe!"

"Unatuficha sisi? Sisi ndio wakunga wako!"

Mmoja akaanza kigelegele, wenzake wakakipokea. Wifi alikuwa pale na kapu lake la samaki. Alilitupa chini, akaja mbio, akaniwekea kiganja tumboni, na macho yake yalikuwa yamejaa maji. "Wifi," alisema, "ungeniambia mimi wa kwanza. Mimi na mdomo wangu huu. Nisamehe." Hakuwa akicheza. Niliona alivyofurahi kwa ajili yangu, furaha ya kweli. Nilibaki natabasamu, kwa sababu uso wangu hauna kazi nyingine unayoijua.

Vigelegele vilifika nyumbani. Mama mkwe alitokea kwenye kichochoro anakimbia, yeye asiyekimbia, kanga imemteleza kichwani, mikono ina unga hadi viwikoni. Alisimama mbele yangu akanitazama usoni. Nilitikisa kichwa. Kidogo tu, wengine hawakuona.

Alivuta kanga yake, akajifunika vizuri. Kisha akawageukia wale wanawake.

"Mbona mnashangilia nusunusu?" alisema. "Mwanangu amepona. Mtu akipona hamjui kumshangilia?"

Akapiga kigelegele yeye, kirefu, peke yake. Katikati sauti ilimkatika. Akakimalizia. Wifi akauondoa mkono wake tumboni mwangu, taratibu, kama anayeondoa mkono juu ya mtoto aliyelala. Mama mkwe akanishika, tukaenda nyumbani kumwambia mwanawe.